ACC maabara: kuanzia kupima unga hadi kusoma miche

ACC ni asidi amino ndogo, unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji bila taabu. Jina lake kamili ni asidi ya 1-aminosaiklopropani-1-kaboksili, ambalo ni nadra kumsikia mtu akilitamka lote. Ndani ya mmea ndiyo malighafi ya mwisho ya etilini, ile gesi inayoivisha ndizi na kupukutisha majani. Kwenye ubongo hukaa mahali pa glisini (asidi amino nyingine) katika kipokezi cha NMDA, mlango wa ayoni wa seli za neva, na watu wa neva wameizoea kwa kifupisho cha ACPC. Ukitafuta makala, tafuta kwa vifupisho vyote viwili, la sivyo utakosa mengi yaliyoandikwa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara anayeigusa ACC kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ni jaribio la miche ya Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara, iliyooteshwa gizani, kwa sababu ndilo la kuanzia kwa yeyote anayejifunza etilini. Mwishoni yapo ya wenzetu wa neva.

Jambo moja ulishike tangu sasa: kuupa mmea ACC si sawa na kuupa etilini. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi zinazosema "miche ilipewa etilini" ilhali kilichowekwa sahanini ni ACC. Kati ya hivyo viwili kuna kimeng'enya, na kuna kazi ambazo ACC huzifanya yenyewe. Jaribio lako lipangwe hivi kwamba mwishoni uweze kusema ni kipi kati ya viwili hivyo ulichokiona.

Njia yenyewe kwa ufupi

Mmea huanza na methionini. Methionini, asidi amino ya kawaida, hugeuzwa kuwa SAM (S-adenosilimethionini), kisha kimeng'enya cha ACS huigeuza SAM kuwa ACC, halafu kimeng'enya cha ACO huigeuza ACC kuwa etilini. ACO inahitaji oksijeni, chuma na vitamini C, na pamoja na etilini hutoa kaboni dioksidi na kiasi kidogo cha sianidi ambayo mmea huiondoa wenyewe haraka.

ACC ilikwisha kupatikana mwaka 1957 kwenye pea na matufaha, ila hakuna aliyejua ina kazi gani. Ni mwaka 1979 ndipo Adams na Yang, kwenye Chuo Kikuu cha California kule Davis, walipoonyesha kwa vipande vya tufaha kwamba hiyo ndiyo hatua iliyokuwa haijulikani kati ya methionini na etilini.

Kwa kawaida hatua inayochelewesha safari nzima ni ile ya ACS. ACO mara nyingi ipo tayari inasubiri. Ukiuwekea mmea ACC kutoka nje unaruka foleni hiyo, na etilini hutoka ndani ya mmea wenyewe. Ndiyo maana maabara isiyo na mtungi wa gesi wala vifaa vya kuipimia inaweza kufanya kazi ya etilini kwa unga na pipeti.

Hatua ya 1: Soma lebo kabla hujafungua

Thibitisha mambo mawili. La kwanza, namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho wa kemikali: ACC huru ni 22059-21-8. Hili si urasimu. Kifupisho ACC hutumika pia kwa kimeng'enya cha mafuta kisichohusiana kabisa na huyu wetu, na kwenye katalogi viwili hivyo hukaa karibu.

La pili, je, ni ACC huru au ni chumvi yake ya hidrokloridi? ACC huru ina uzito wa molekuli wa gramu 101.1 kwa moli. Hidrokloridi ni takriban 137.6. Ukipima hidrokloridi kwa hesabu ya ACC huru, myeyusho wako utakuwa na upungufu wa karibu asilimia 27, na hakuna kitakachokuonya. Miche itaitikia, grafu itapendeza, ila namba zako hazitalingana na za maabara nyingine. Andika kwenye daftari aina uliyotumia, kampuni na namba ya bechi.

Chupa ikitoka kwenye jokofu au friza, iache mezani ikiwa imefungwa mpaka ipate joto la chumba. Ukiifungua ikiwa baridi, mvuke wa hewa huganda juu ya unga, na kuanzia hapo unapima maji.

Hatua ya 2: Tengeneza myeyusho wa akiba

Lengo ni milimola 10 (yaani milimoli 10 kwa lita), kwa sababu mikrolita 50 zake kwenye mililita 50 za chakula cha sahani hukupa mikromola 10, kipimo cha kawaida cha jaribio hili. Kwa mililita 10 za myeyusho huo unahitaji miligramu 10.1 za ACC huru, au 13.8 za hidrokloridi.

Hapo ndipo mizani za maabara zetu nyingi zinapotuangusha. Mizani inayosoma miligramu moja moja haifai kupimia miligramu 10. Inaweza kukosea kwa moja hivi, na hiyo ni asilimia 10 ya kazi yako. Badala yake pima karibu miligramu 50, utengeneze milimola 100, kisha uzimue mara kumi. Wala usihangaike kupata 50 kamili kwa kuongeza na kupunguza kwa ncha ya kijiko, maana unga mwingine utaishia pembeni. Pima ulichokipata, halafu uache maji yafuate unga. Mfano: mizani imesoma miligramu 53. Gawa kwa 101.1, unapata milimoli 0.524. Kwa milimola 100 hiyo inahitaji maji mililita 5.24. Basi.

Tumia maji safi ya maabara, si ethanoli. Pitisha myeyusho kwenye chujio la mikromita 0.22 kwa sindano, ndani ya kabati la hewa safi, kisha ugawe kwenye vichupa vidogo vya mililita moja moja na kuviweka friza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Kuganda na kuyeyuka kila wiki hubadilisha myeyusho polepole, na mabadiliko ya aina hiyo hayaonekani kwa macho.

Kutoka kwenye milimola 10 zimua kwa maji yaleyale upate milimola 1 na milimola 0.1. Sasa una miyeyusho mitatu, na kila mmoja utauweka kwa ujazo uleule wa mikrolita 50. Hivyo sahani zote hupata maji sawa, na sahani ya kulinganisha hupata mikrolita 50 za maji matupu.

Hatua ya 3: Chakula cha sahani

Tumia chumvi za MS (Murashige na Skoog, mchanganyiko wa virutubisho vya mimea) nusu kipimo, takriban gramu 2.15 kwa lita, agari asilimia 0.8, na pH 5.7 iliyorekebishwa kwa potasi. Sukari ama uiache kabisa, ama uweke asilimia 1 kwenye sahani zote bila ubaguzi, maana sukari hubadilisha urefu wa miche yenyewe.

Nunua chumvi tupu, zisizochanganywa na vitamini. Mchanganyiko wa vitamini wa MS una glisini, miligramu 2 kwa lita, ambayo ni kama mikromola 27. ACC huingia kwenye seli kupitia mlango wa asidi amino uitwao LHT1, na glisini na alanini hupitia mlango huohuo. Zikiwa nyingi zinapunguza mwitikio wa miche kwa ACC. Kwa jaribio linalotumia ACC mikromola 0.1 hadi 10, sioni sababu ya kujiwekea mshindani kwa hiari.

Pika kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Subiri chakula kipoe hadi nyuzi 55 hivi, chupa ishikike mkononi bila kuunguza, ndipo uongeze ACC, utikise taratibu bila kutia povu, na umimine. Mililita 50 zinatosha sahani mbili.

Hatua ya 4: Sahani za kulinganisha, na hapa usikimbie

Sahani ya maji na sahani ya ACC peke yake haziambii mtu chochote zaidi ya kwamba "unga huu unafupisha miche". Sumu yoyote hufupisha miche. Unahitaji kuonyesha kwamba kilichofupisha ni etilini iliyotokana na ACC.

Njia ya kwanza ni kuuziba mmea usiisikie etilini. Ayoni za fedha hufanya hivyo: kipokezi cha etilini hubeba shaba, na fedha ikichukua nafasi hiyo etilini hukaa lakini ujumbe haupiti. Usitumie fedha ya nitrati moja kwa moja kwenye chakula cha MS, kwa kuwa kina kloridi nyingi na fedha itaanguka chini kama vumbi jeupe. Tengeneza fedha ya thiosulfati. Yeyusha gramu 0.17 za fedha ya nitrati kwenye mililita 10 za maji, na gramu 0.248 za sodiamu thiosulfati yenye maji matano kwenye mililita 10 nyingine. Zote sasa ni mola 0.1. Chukua mililita 8 za thiosulfati, kisha dondoshea mililita 2 za fedha taratibu huku ukikoroga. Ni fedha inayoingia kwenye thiosulfati, si kinyume chake. Myeyusho ubaki bila rangi kama maji, na una fedha milimola 20. Ukigeuka kahawia au mweusi, anza upya. Tengeneza siku ileile ya kutumia, uufunike na mwanga, uchuje. Mikrolita 25 kwenye mililita 50 za chakula ni mikromola 10. Vaa glavu, nitrati ya fedha ikigusa ngozi utatembea na madoa meusi wiki nzima.

Seti yako basi iwe hivi: maji matupu, ACC mikromola 0.1, 1 na 10. Fedha peke yake. Fedha pamoja na ACC mikromola 10. Ukiwa na nafasi ongeza thiosulfati isiyo na fedha, ili mtu asikuulize kama ni salfa iliyofanya kazi.

Njia ya pili, na ni bora ukizipata mbegu, ni miche isiyosikia etilini kwa kuzaliwa: etr1-1 au ein2. Kwenye ACC mikromola 10 miche hii hurefuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Sababu ya kuipendelea ni kwamba fedha si safi hivyo. Imeonyeshwa kwamba huongeza utokaji wa oksini, homoni ya ukuaji, kwenye seli bila kupitia njia ya etilini, na kama unapima mizizi hilo ni tatizo la kweli. Ukiweza pia pata ctr1, ambayo huonekana kama iliyolewa etilini hata kwenye sahani ya maji. Hiyo inakuonyesha jinsi mwitikio kamili unavyotakiwa kuonekana siku hiyo, kwenye inkubeta hiyo.

Kuna kosa moja la mantiki ninalolikuta mara kwa mara: mtu anaweka AVG pamoja na ACC, anaona miche bado imefupika, anahitimisha kwamba athari haitokani na etilini. AVG huzuia ACS, yaani hatua iliyo kabla ya ACC. Ukishaweka ACC kwa mkono wako umeshaipita AVG. Inafaa pale unapotaka kuzima etilini ambayo mmea unajitengenezea, kisha kuirudisha kwa ACC. Kuzuia hatua ya mbele, ile ya ACO, watu hutumia kobalti au AIB, ila kobalti hugusa mengine mengi na nisingejenga hoja juu yake peke yake.

Kwa nini usumbufu wote huu? Kwa sababu athari zisizo za etilini zipo kweli. Mwaka 2008 vilielezwa vimeng'enya viwili vya Arabidopsis, FEI1 na FEI2, vinavyosimamia ukuta wa seli za mzizi kwa njia inayohusisha ACC bila kupitia upokezi wa etilini. Mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba ACC huamsha njia za kalsiamu za jamii ya GLR kwenye viiniyai vya Arabidopsis na kusaidia kuvutia mrija wa chavua. GLR ni ndugu wa mbali wa vipokezi vya glutamati vya wanyama, na hapo mtu wa mimea na mtu wa ubongo wanakutana mlango mmoja bila kupanga.

Hatua ya 5: Mbegu

Osha mbegu za Arabidopsis kwa ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika moja, kisha kwa dawa ya kupausha iliyozimuliwa hadi kama asilimia 2 ya hipokloriti, na tone la sabuni, kwa dakika 8 hivi. Soma lebo ya chupa kujua nguvu yake kabla ya kuzimua.

Halafu suuza mara tano kwa maji yaliyopikwa, na usikate kona. Hipokloriti hugeuza ACC kuwa etilini yenyewe, bila mmea. Lizada na Yang waliitumia kemia hiyohiyo mwaka 1979, pamoja na zebaki, kupimia ACC iliyomo kwenye tishu. Dawa iliyobaki kwenye mbegu zako basi itakula ACC ya sahani na kutoa gesi mahali usipoitaka.

Panga mbegu moja moja kwa ncha ya pipeti, 20 hadi 30 kwa sahani, mstari mmoja au miwili. Ziba sahani kwa plasta ya karatasi ya hospitali. Utando wa plastiki unaobana sana hufungia gesi ndani, na sahani ya maji nayo itaanza kuonyesha dalili za etilini.

Hatua ya 6: Baridi, mwanga, kisha giza

Weka sahani kwenye nyuzi 4 kwa siku 3 zikiwa zimefunikwa, ili mbegu ziote kwa pamoja. Zitoe, zipe mwanga mweupe kwa saa 4. Mwanga huo mfupi ndio unaoamsha uotaji. Ukiuruka utapata miche ya umri tofauti na vipimo vilivyotawanyika. Baada ya hapo funga foili mikunjo miwili, simamisha sahani wima, weka nyuzi 22 kwa saa 72.

Nyuzi 22 ni nyuzi 22. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari chumba kisicho na kiyoyozi hakifai hata kidogo. Joto peke yake hurefusha shina la mche huu. Tafuta inkubeta inayopoza, si inayopasha tu. Na kagua nani mwingine anaitumia. Mtu akihifadhi humo ndizi mbivu au tufaha la mchana, amekuharibia wiki.

Giza nalo liwe giza. Kwenye mwanga kisa hubadilika kabisa: juu ya chakula chenye virutubisho vichache, ACC hurefusha shina la mche badala ya kulifupisha. Foili yenye tundu inatosha kukuchanganya.

Hatua ya 7: Kusoma

Fungua foili, na usome mara moja, kwani ndoano ya kichwa huanza kunyooka muda mfupi baada ya kupata mwanga. Mche wa sahani ya maji utaukuta mrefu, mwembamba, umepauka, kichwa kimeinama kidogo. Mche wa ACC mikromola 10 ni mfupi kwa nusu au zaidi, shina lake limenenepa mpaka linaonekana kwa macho, mzizi ni mfupi wenye manyoya mengi, na kichwa kimejikunja na kupitiliza, ncha ya majani-mbegu ikielekea kugusa shina. Hayo mambo matatu, ufupi, unene na ndoano iliyozidi, ndiyo huitwa mwitikio wa pande tatu. Kinachofupika bila kunenepa wala kukunja kichwa pengine kimelishwa sumu tu.

Laza miche juu ya agari safi, ipitishe kwenye skana ya kawaida ya ofisi kwa nukta 600 au zaidi kwa inchi, ukiweka rula pembeni. Pima kwa ImageJ, programu ya bure: urefu wa shina kutoka shingo ya mzizi hadi chini ya majani-mbegu, urefu wa mzizi, na pembe ya ndoano. Mtu anayepima asijue sahani ipi ni ipi. Mpe mwenzako abadilishe majina ya faili. Ni kazi ya dakika tano.

Kwenye takwimu kumbuka kwamba miche 25 ya sahani moja inashiriki chakula kimoja na hewa moja. Uniti yako ni sahani. Sahani tatu kwa kila kipimo, na jaribio zima lirudiwe kwa siku tofauti na chakula kipya. Kuandika n = 75 kutokana na sahani tatu ni kujidanganya, na mkaguzi mzuri atakukamata.

Sasa soma jibu. ACC imefupisha miche, fedha imeirudishia urefu, na etr1-1 haikuitikia: ni etilini, sema hivyo kwa kinywa kipana. Fedha imerudisha nusu tu: jaribu kwanza fedha mikromola 20, maana huenda haikutosha. Etr1-1 nayo imefupika kwenye ACC: hapo angalia kipimo chako, angalia uchafuzi, na kama vyote ni safi, una jambo la kufuatilia kuhusu ACC yenyewe. Ukipata kromatografia ya gesi, funga miche kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira, vuta mililita moja ya hewa baada ya saa kadhaa, uone kama etilini imepanda kweli kadiri ulivyoongeza ACC. Kipimo hicho kimoja humaliza ubishi mwingi.

Kama huna Arabidopsis

Tumia njegere. Ndiyo mmea wenyewe uliofungua somo hili: mwaka 1901 Neljubow, huko St Petersburg, aliona miche ya njegere maabara inajipinda na kulala kwa sababu ya gesi ya taa, akaonyesha kwamba kilichomo ni etilini. Loweka njegere kavu usiku kucha, zioteshe gizani kwenye mchanga ulioloa, na ugawanye mitungi ya kioo yenye mifuniko. Mmoja uweke pasheni moja mbivu ndani ya kikombe. Pasheni ni miongoni mwa matunda yanayotoa etilini nyingi kupita mengine, inaipita ndizi mbali. Mwingine uweke pasheni pamoja na kifuko cha potasiamu pamanganeti, inayoiunguza etilini. Wa tatu hauna tunda. Mtungi wa pamanganeti ni muhimu kwa kuwa tunda hupumua pia kaboni dioksidi, na bila mtungi huo huwezi kujua ni gesi ipi iliyofanya kazi. Fungua mitungi mara moja kwa siku gizani, upate hewa, kwa siku nne au tano.

Kwa wenzetu wa neva

Kipokezi cha NMDA hakifunguki kwa glutamati peke yake. Lazima glisini, au D-serini, iwe imekaa kwenye kipande cha GluN1 wakati glutamati imekaa kwenye GluN2. Johnson na Ascher walionyesha mwaka 1987 jinsi glisini inavyokuza mkondo wa kipokezi hiki; mwaka 1988 Kleckner na Dingledine, kwa seli za mayai ya chura Xenopus, wakaonyesha kwamba bila glisini hakifunguki. ACC hukaa mahali hapo pa glisini, ila ni mwamshaji nusu: hata ukiijaza mkondo haufiki ule wa glisini. Kukiwa na glisini nyingi, ACC inayoinyang'anya nafasi hupunguza mkondo.

Adui yako hapa ni glisini ya bure. Ipo kwenye vidole, kwenye vyombo, kwenye maji yaliyokaa, na kipokezi huisikia kwenye mikromola moja au chini yake. Kwa hiyo anza kila seli kwa glutamati mikromola 100 bila kuongeza chochote. Ukipata mkondo wa maana, usiendelee. Badilisha maji, osha mirija, vaa glavu mpya. Myeyusho wa kuogeshea usiwe na magnesiamu, kwa sababu huziba kipokezi kwenye volteji hasi, na kwenye seli za Xenopus weka bariamu badala ya kalsiamu ili usiamshe mikondo ya kloridi ya seli yenyewe. Kisha peleka ACC kutoka mikromola 0.1 hadi 100 juu ya glutamati ileile, na umalizie kila seli kwa glisini mikromola 100. Hiyo ya mwisho ndiyo asilimia 100 yako. Bila hiyo neno "nusu" halina kipimo. Asidi ya 5,7-diklorokinureniki, inayoziba mahali pa glisini, ifanye kazi ambayo fedha iliifanya kwenye miche: iweke, mkondo wa ACC uzime. Kwenye neva halisi ongeza striknini, kwa kuwa glisini ina kipokezi chake kingine cha kutuliza, na striknini hukiziba. Na ukitengeneza ACC kwa milimola, pima pH. Hidrokloridi ina asidi ya kutosha kubadilisha mkondo, na kipokezi cha NMDA huitikia asidi.

Mwaka 1990 Trullas na Skolnick waliripoti kwamba panya waliopewa ACPC walionyesha dalili zinazofanana na za dawa za sonona kwenye jaribio la kuogelea. Tangu hapo watu huuliza kama wanaweza kuitumia, basi jibu langu ni hili: unga wa maabara haujatengenezwa kumezwa na binadamu, na matokeo ya panya si maagizo ya daktari.

Kufunga kazi

Sahani za kawaida pika kwenye otoklevu kabla ya kutupa. Zenye fedha zitenge, pamoja na mabaki ya thiosulfati, kwenye chupa ya kahawia yenye lebo ya taka za metali nzito; zisimwagwe sinki. Vichupa vya ACC vilivyobaki viandikwe tarehe, kipimo, na kama ni ACC huru au hidrokloridi, kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli.